Maswali ya Wasomaji: Usifue Shuka Kabla Hujalinusa

Safari hii safu yote tumewaachia wasomaji wanaolala na paka, wakaamka asubuhi na kukuta shuka limechafuka bila kujua kilichomwagika ni nini. Wanaojibu ni madaktari wa mifugo. Ombi letu kwanza: doa ni sampuli. Ukilitia majini umetupa nusu ya jibu. Lipige picha ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, linuse, andika saa na mahali ulipolikuta, ndipo ufue.

Madoa ya kahawia yenye shombo

SWALI: Paka wangu ni dume wa miaka sita, amehasiwa, hatoki nje. Kwa wiki kadhaa sasa nakuta madoa ya kahawia kwenye shuka na foronya, ukubwa wa sarafu au chini ya hapo. Yananuka samaki aliyeoza. Si kinyesi, maana ni majimaji. Anakula, anacheza, na sanduku lake la mchanga analitumia vizuri. Nifanye nini?
(Mwenye mashuka meupe)

JIBU: Hiyo shombo ndiyo iliyotoboa siri. Paka ana vifuko viwili chini ya ngozi, kimoja kila upande wa njia ya haja kubwa. Mtazame kwa nyuma mkia ukiwa juu, uchukulie njia hiyo ndiyo kitovu cha saa ya ukutani: vifuko vipo karibu na namba 4 na namba 8. Kila kimoja hakizidi punje ya njegere, na kina kijitundu chembamba cha kutolea majimaji yenye mafuta na harufu kali. Paka huitumia harufu hiyo kujitambulisha kwa wenzake. Kwa kawaida choo kigumu kikipita hubana vifuko, tone likatoka nacho, na mwenye paka hajui hata kama vipo.

Mambo huharibika pale vifuko visipobanwa vya kutosha au kijitundu kinapoziba. Choo kikiwa laini kwa muda mrefu hakina nguvu ya kubana. Paka mnene ana mafuta yanayovizunguka vifuko, basi navyo havimwagiki vizuri. Mzio wa ngozi huvimbisha kijitundu. Wakati mwingine majimaji yenyewe huganda yakawa mazito kiasi cha kutopita. Kifuko kikishajaa, misuli ikilegea usingizini, tone hudondoka lenyewe. Akishtuliwa ghafla ni vivyo hivyo. Ndiyo maana madoa yako yapo pale anapolala, sandukuni hakuna kitu, na yeye mwenyewe hana habari.

Rangi isikutie hofu peke yake. Majimaji ya kawaida hutofautiana sana kutoka paka mmoja hadi mwingine: njano iliyopauka, kijivu, kahawia, mepesi kwa huyu na mazito kwa yule. Kinachotakiwa kukushtua ni damu, usaha, au uvimbe unaoonekana kwa macho.

Kwanza hakikisha ni hilo. Tandika kitambaa cheupe cha pamba mahali anapopenda kulala, ukiache usiku mbili tatu. Doa la vifuko huwa tone lenye mduara, na likikauka huacha ukingo wa mafuta bila chembe. La kinyesi lina chembe na hukwanguka kwa kucha. Mkojo husambaa ukachora ramani isiyo na umbo. Kama una ile taa ndogo ya kuangalizia noti bandia, zima taa za chumbani uimulike shuka: mkojo hung'aa hafifu kwa rangi ya njano au kijani. Usidanganywe na mng'ao wa buluu uliotapakaa shuka zima. Hiyo ni sabuni ya kufulia.

Kisha mtazame paka mwenyewe. Mtu mmoja amshike mabega, mwingine ainue mkia taratibu bila kuuvuta, na tochi iwe karibu. Tafuta manyoya yaliyogandana, wekundu, uvimbe wa upande mmoja, au kitundu kinachovuja. Manyoya yaliyolambwa hadi kukatika chini ya mkia ni ushahidi mzuri. Kuburuta makalio sakafuni nako ni dalili, ingawa paka hufanya hivyo mara chache kuliko mbwa. Akilia au kugeuka kukuuma, acha hapo hapo. Tayari umepata jibu kwamba panauma.

Usimkamue mwenyewe. Tunajua video zipo tele, nyingi ni za mbwa, na mikono inayoonekana humo imeshakamua mamia. Ukuta wa kifuko ni mwembamba. Ukikibana kikiwa kimeziba, kinaweza kupasukia ndani, majimaji yakaingia kwenye nyama, na shida iliyohitaji dakika tano ikageuka jipu. Daktari huvaa glovu, hupaka kilainishi, hukamata kifuko kati ya vidole viwili na kukiminya polepole kuelekea kwenye kijitundu. Kilichotoka hukiangalia. Kikiwa kizito kama dawa ya meno au kina usaha, humpa paka dawa ya kumtuliza kisha akakisafisha kifuko kwa maji ya chumvi ya hospitali kupitia mrija mwembamba. Ukirudi nyumbani, siku moja au mbili bado waweza kukuta tone, ni mabaki.

Vikipuuzwa, hatua inayofuata ni jipu. Upande mmoja unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto, kisha ngozi inapasuka kando kidogo ya njia ya haja. Shuka sasa lina damu iliyochanganyika na usaha, na wengi hudhani paka ameumwa na mwenzake. Jipu linasafishwa na daktari, anampa dawa ya maumivu inayofaa paka, mara nyingi na antibayotiki. Kazi yako ni kola ya shingoni mpaka ngozi ifunge, na kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kama anakubali. Dawa za maumivu za binadamu usimpe hata chembe. Parasetamoli humuua paka: ini lake halina uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja tu kinatosha.

Madoa yakirudi baada ya wiki chache, usikimbilie kuomba akamuliwe kila mwezi. Kukamua vifuko visivyojaa huvikera, navyo vikazidi kuvimba. Tafuta chanzo. Choo chake kikoje? Kama ni laini, pimisha kinyesi, angalia minyoo, na badili chakula kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, si kwa mkupuo. Nyuzinyuzi husaidia baadhi ya paka: kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala sukari, ndani ya chakula cha kila siku. Choo kikizidi kulainika, punguza au acha. Mnene apunguzwe uzito polepole kwa ratiba ya daktari. Paka anayenyimwa chakula ghafla huweza kuharibika ini.

Wapo wachache ambao vifuko huondolewa kwa upasuaji. Ni uamuzi wa mwisho, kwa sababu mishipa ya fahamu inayofunga njia ya haja inapita jirani kabisa, na ikiguswa paka anaweza kushindwa kuzuia choo. Kwa paka mzee kuna jambo moja zaidi: uvimbe mgumu ambao haupungui hata baada ya kukamuliwa uchukuliwe sampuli. Saratani ya vifuko hivi ni nadra kwa paka, lakini ipo.

Vumbi jeusi na punje nyeupe

SWALI: Mahali paka anapolala kitandani kwangu pana vumbi jeusi, na juzi nimeona punje nyeupe mbili zimekauka. Nimempa dawa ya minyoo, zikapotea, zimerudi tena. Je, dawa ni feki?
(Mama mwenye watoto wadogo)

JIBU: Dawa huenda ni nzuri; kilichobaki ni viroboto. Kusanya lile vumbi jeusi kwenye karatasi nyeupe ya tishu, lidondoshee maji, ngoja dakika moja. Likizungukwa na duara la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, ambacho ni damu ya paka wako iliyomeng'enywa. Lisipotoa rangi ni uchafu tu, au limetoka kidevuni: paka wengine huota chunusi zenye vichwa vyeusi, na hizo huacha chembe kwenye foronya.

Zile punje ni pingili za mnyoo tegu. Zikiwa mbichi hujinyonganyonga, zikikauka hufanana na ufuta. Paka huupata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Ukimpa dawa yenye prazikwanteli, tegu anakufa, lakini akimeza kiroboto mwingine kesho, baada ya wiki mbili au tatu pingili zinarudi. Kwa hiyo dawa ya minyoo na dawa ya viroboto ziende pamoja, kwa wanyama wote wa nyumbani, na ya viroboto iendelee walau miezi mitatu mfululizo. Sababu ni kwamba viroboto unaowaona mwilini ni wachache. Mayai, viluwiluwi na walio kwenye vifukofuko wamejaa kwenye godoro, zulia na nyufa za sakafu, na walio kwenye vifukofuko wanaweza kungoja miezi. Fua matandiko kwa maji ya nyuzi joto 60 kila wiki, na fagia au nyonya vumbi chini ya kitanda, si katikati ya chumba tu.

Soma kibandiko cha dawa. Dawa ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka: hutetemeka, hupata degedege, na wengine hufa. Usigawe dawa ya mbwa kwa makadirio ya uzito. Kuhusu watoto, mtu hapati tegu huyu kwa kugusa pingili. Sharti ameze kiroboto. Hutokea, hasa kwa watoto wanaotambaa, na hutibika.

Matone ya waridi

SWALI: Dume langu la miaka minne linaacha matone ya rangi ya waridi kwenye blanketi, na mengine nimeyaona bafuni. Harufu ni ya mkojo. Anaingia sandukuni mara kwa mara, anachuchumaa sana, anatoka. Nadhani amefunga choo. Nimempa mafuta kidogo. Nisubiri hadi wiki ijayo?
(Msomaji mwenye wasiwasi)

JIBU: Usisubiri. Mpeleke leo, na kama ni usiku tafuta anayepokea dharura. Safu hii utaimalizia kwenye foleni.

Njia ya mkojo ya dume ni ndefu na nyembamba, na huzibwa kwa urahisi na ute uliochanganyika na chembe za madini, au na kijiwe. Mkojo usipotoka, figo hukwama, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo huvurugika. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Kosa ulilofanya hufanywa na karibu kila mtu: paka anayejikamua sandukuni hudhaniwa amefunga choo, anapewa mafuta, na saa zinakwenda.

Tofauti utaiona mchangani. Paka mzima hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku, na kila mara huacha bonge la kueleweka. Paka mwenye kibofu kinachouma huingia mara kumi akaacha vijitone. Aliyeziba haachi kitu. Zaidi ya hapo hulia, hulamba uume bila kupumzika, hutapika, hujificha. Mkono wako ukipita tumboni karibu na miguu ya nyuma unaweza kukuta donge gumu. Usilibonyeze, ni kibofu kilichojaa na kinaweza kupasuka.

Akiwa ameziba, daktari atamlaza usingizi, ataingiza mrija na kumwekea maji ya mshipani, na paka atabaki hospitalini siku kadhaa. Asipoziba, kuna nafasi ya kuchunguza kwa utulivu: mkojo, eksirei, ultrasaundi. Kwa paka walio chini ya miaka kumi, sababu kubwa kuliko zote ni uvimbe wa kibofu usiotokana na bakteria, nao una uhusiano mkubwa na msongo: mgeni ndani ya nyumba, paka jirani dirishani, sanduku chafu. Antibayotiki haziusaidii, ingawa wengi hupewa. Vijiwe vya aina ya struvaiti huyeyuka kwa chakula maalumu cha wiki kadhaa. Vya kalsiamu oksaleti haviyeyuki, vinatolewa.

Ukiombwa mkojo, osha sanduku, likaushe, liache tupu au weka changarawe za plastiki zisizonyonya, kisha vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Weka kwenye friji, ufike maabara siku hiyo hiyo. Mkojo uliokaa muda mrefu, hata kwenye friji, hujitengenezea chembe za madini ambazo hazikuwepo, na paka akatibiwa ugonjwa wa chupa.

Akishapona: chakula chenye majimaji badala ya kikavu pekee, maji sehemu zaidi ya moja mbali na chakula, na masanduku yawe idadi ya paka kuongeza moja.

Jike langu lina hedhi?

SWALI: Paka jike, miaka mitano, hajafungwa kizazi. Alikuwa akilialia na kujigalagaza kama mwezi uliopita. Sasa naona madoa ya kahawia mekundu kwenye blanketi lake. Ni hedhi, siyo?
(Bibi wa paka watatu)

JIBU: Siyo, shikamoo bibi. Paka jike hapati hedhi. Akitafuta dume hulia, hujigalagaza, huinua makalio na kuusogeza mkia pembeni, lakini damu haitoki. Damu au majimaji ya kahawia kutoka njia ya uzazi ya jike ambaye hajazaa karibuni ni ugonjwa hadi daktari aseme vinginevyo.

Tunachokihofia kwako ni usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa kawaida huonekana kati ya wiki mbili na nane baada ya siku za joto, yaani siku za kutafuta dume, na umri na historia ya paka wako vinalingana nao. Homoni za baada ya joto hunenepesha ukuta wa mfuko, kinga ya ndani hupungua, bakteria hupanda kutoka nje. Hatari yake ni kwamba paka ni msafi mno: anajilamba kila tone, basi doa la blanketi huwa ndilo alama pekee. Mwangalie pia kama anakunywa maji kuliko kawaida, amepoteza hamu ya kula, amepoa, au tumbo limejaa. Na mlango wa kizazi ukijifunga, madoa yatakoma. Usishangilie, hapo ndipo usaha unapojazana ndani na hali kuwa mbaya zaidi.

Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi na ovari, baada ya kumwekea maji na antibayotiki. Ahirisho la siku mbili linaweza kuwa tofauti ya kupona na kufa. Waliochomwa sindano za kuzuia mimba nao wamo hatarini zaidi, kwa sababu ni homoni zile zile. Jike aliyezaa ni jambo lingine: majimaji mekundu ya kahawia yasiyonuka huweza kutoka kwa wiki mbili hadi tatu. Yakinuka, au mama akiwaacha watoto, mpeleke.

Mzee analoweka godoro

SWALI: Paka wetu ana miaka kumi na minne. Akiamka tunakuta pamelowa, doa kubwa la njano jepesi, halinuki sana. Anatukomoa?

JIBU: Hakukomoi. Paka anayekojoa kwa hasira au hofu huchuchumaa akiwa macho. Huyu anavujiwa usingizini. Mkojo mwingi, mwepesi na usio na harufu una maana figo hazikolezi, au sukari imepanda, au tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Pima maji anayokunywa: jaza bakuli kwa kipimo, na baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Kama kuna wanyama wengine, mtenge siku hiyo. Zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ni nyingi, yaani mililita 200 kwa paka wa kilo nne, na kama chakula chake kina majimaji kizingiti ni cha chini zaidi. Usimnyime maji hata kidogo. Damu na mkojo vipimwe wiki hii. Na kama mkia wake umelegea au miguu ya nyuma inayumba, litaje hilo la kwanza, maana huenda shida ipo kwenye uti wa mgongo.

Nina mimba, nimhamishe paka?

SWALI: Shemeji anasema madoa ya paka yatamdhuru mtoto tumboni.

JIBU: Kinachozungumzwa ni toksoplasma (kimelea), nayo hutoka kwenye kinyesi tu, haitoki kwenye mate, manyoya wala majimaji ya vifuko. Paka huitoa kwa wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na vijiyai vyake huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Basi sanduku lisafishwe kila siku, na mtu mwingine. Shuka lenye doa la kinyesi lifuliwe siku hiyo hiyo. Nyama isiyoiva ni njia nyingine kubwa ya kuupata ugonjwa huu, wala paka hahusiki nayo. Paka abaki.

Mengine kwa ufupi

Kwa walioandika juu ya mate kwenye foronya: mate ya waridi au yenye harufu ya uozo ni kinywa, fizi au jino, hata kama anakula. Uchafu mweusi mkavu unaofanana na unga wa kahawa, pamoja na kutikisa kichwa, ni utitiri wa masikioni. Usimtie mafuta ya taa wala mafuta ya mti wa chai, yote mawili ni sumu. Doa la mafuta ya rangi ya nta pale mgongo unapokutana na mkia ni tezi za mkiani, hasa kwa dume ambaye hajahasiwa. Nyayo zenye damu: tazama kucha za paka mzee, hujikunja zikachoma nyama ya unyayo.

Sasa tufueje?

SWALI: Nimefua mara tatu kwa maji ya moto na jiki, harufu iko pale pale.
(Aliyechoka)

JIBU: Maji ya moto ndiyo yaliyoliweka. Damu, usaha na majimaji ya vifuko vina protini, na protini ikipata moto huganda ndani ya uzi. Anza na maji baridi, upande wa nyuma wa kitambaa, ili doa lisukumwe nje badala ya kupenya. Kisha loweka katika maji baridi au vuguvugu yenye sabuni ya kufulia iliyo na vimeng'enya, saa moja hadi usiku kucha. Fua, nusa likiwa bado bichi, na kama harufu ipo rudia kabla ya kuanika juani au kupiga pasi. Moto uje mwisho, doa likishaondoka. Lile shuka la viroboto nalo, kama lina doa, lipite kwenye maji baridi kwanza.

Doa la vifuko lina mafuta pia, kwa hiyo kabla ya kuloweka lisugue kwa tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Damu iliyokwishakauka kwenye kitambaa cheupe huondoka kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Kwenye nguo ya rangi jaribu pembeni, maana hupausha.

Jiki na mkojo visikutane. Mkojo una amonia, na klorini ikigusana nayo hutoa hewa inayochoma mapafu, yako na ya paka. Sabuni yenye amonia pia haifai, kwa kuwa humnukia paka mkojo na kumwalika arudie pale pale. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe majini zina fenoli, ambazo ini la paka halizimudu. Akilala juu ya shuka lililofuliwa nazo kisha akajilamba, anazimeza.

Godoro halilowekwi. Kandamiza taulo kavu mpaka lisitoe unyevu tena, usisugue. Nyunyizia dawa ya vimeng'enya ya madoa ya wanyama kwa kiasi kinachofika kina mkojo ulipofika. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wananyunyiza juu juu huku mkojo umezama sentimita tano chini. Funika kwa plastiki saa 12 hadi 24 ili vimeng'enya visikauke kabla ya kumaliza kazi, kisha funua na usimamishe godoro penye upepo. Likishakauka kabisa, nyunyizia soda ya kuokea, iache kwa muda wa saa nane, nyonya vumbi. Kabla ya kutandika tena livishe kifuniko kisichopitisha maji, na juu yake shuka jeupe, lisilo na maua, mpaka daktari amalize na paka.